Gari la Nengah Halijafa

Nengah Sukreni ana ulimi, na sisi wa kijiji cha Dukuh Abing tumeshamzoea. Ukimpelekea pikipiki yako akakuta nati umeilazimisha kwa koleo badala ya spana, utasemwa mpaka utamani kuisukuma urudi nayo nyumbani. Lakini kesho utarudi kwake tu, kwa sababu kuanzia bondeni hadi ukingoni mwa volkano hakuna fundi mwingine anayekwambia ukweli. Ana miaka hamsini na mmoja, mfupi, kucha zina grisi ambayo hata siku ya sikukuu haitoki. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba yake na begi moja. Siku ya pili akaingia chini ya gari.

Baba yake, Pan Durma, ndiye aliyemfundisha kazi. Kwetu mtu akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo mzee akawa Pan Durma, yaani baba Durma, na mkewe akawa Men Durma, mama Durma, kwa heshima ya Wayan Durma, mtoto wao wa kiume, ambaye maisha yake yote hajawahi kufungua hata plagi moja. Kazi kafanya Nengah, jina kalichukua Wayan. Nyumba, shamba, madhabahu ya mababu, hata ile gereji yenyewe, vyote kwa mila ni vya mwana wa kiume. Nengah hakuwahi kugombania hayo. Alichokigombania ni gari tu.

Gari lenyewe ni Kijang, pikapu ya mwaka themanini na mbili, ya kabureta, rangi ilikuwa kijani na sasa Mungu ndiye anayejua. Hilo ndilo linalompeleka Nengah mashambani, kwenye pampu za maji za wakulima wa machungwa na kabichi, na spana zake zote hulala humo. Akilikosa, anabaki dada wa kula kwa hisani ya kaka. Mzee alilijua hilo. Wiki mbili kabla hajafa aliwaita watoto wake wawili, akamwita na Komang Sweca, kiongozi wa wapiga ngoma zetu za shaba, awe shahidi.

"Gari ni la Nengah," akasema. "Ni lake maadamu linapandisha vyombo vya ngoma hekaluni kila sikukuu. Siku likishindwa mlima, Wayan, ni lako, lifanye utakavyo."

Maskini mzee, alidhani anatoa zawadi. Kumbe alikuwa anatega mtego. Wayan akaanza kusubiri. Alisubiri miaka miwili, na katika miaka hiyo akapata na sababu ya kumchukia dada yake: kile kilemba cha marehemu, cha kahawia chenye uzi wa dhahabu, kilitoweka kabatini wiki ile ile ya kuchomwa maiti. Kilemba cha baba huenda kwa mwana. Wayan akapekua nyumba nzima, akakikosa, akatangaza kijiji kizima kwamba Nengah ni mwizi. Nengah akaapa hajakiona. Nani amwamini mwanamke aliyeachika?

Basi sikukuu ya hekalu ikafika. Hekalu letu liko juu kabisa, na mlima wake una kona tisa. Nyuma ya gari palikuwa na upatu mkubwa, ule unaobebwa na wanaume wawili, na vyombo vingine vyote, na wapigaji juu yake, wamevaa nyeupe tupu. Kona ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Kwenye kona ya mianzi injini ikaanza kumisi, ikakohoa, nguvu ikapungua kama mtu anayesinzia, nyuma ukatoka moshi mweusi ti. Gari likazimika. Harufu ya petroli ikajaa barabara nzima.

Mafundi wakazaliwa papo hapo, si unawajua wanaume. "Kanyaga mafuta, dada! Pampu, pampu!"

"Thubutu!" Nengah akawafokea. "Limeshiba petroli mpaka linatapika, nyie mnataka nilishindilie tena?"

Akakanyaga pedali mpaka chini, akaishikilia hapo hapo bila kuipampu, akapiga stata muda mrefu, ili injini ivute hewa na kuitema petroli. Likakohoa, likawaka, likaenda hatua kumi. Likafa tena. Mara tatu hivyo. Mwishowe wanaume wakashuka, wakatia mti kwenye upatu, wakaubeba mabegani kona sita zilizobaki, huku wakitukana kwa sauti ya chini kwa kuwa walikuwa wanaelekea hekaluni.

Wayan alikuwa anakuja nyuma na pikipiki, kilemba chake kimepigwa pasi, hana haraka.

"Baba alisema likishindwa," akasema.

"Halijashindwa, Bli," Nengah akamjibu, maana hata akiwa na hasira humwita kaka yake kwa heshima hiyo. "Linaumwa."

"Tofauti iko wapi?"

"Mgonjwa hachomwi moto. Au wewe baba ulimchoma akiwa anakohoa?"

Wayan akakunja uso. Akasema ameshazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja na lori lake siku yoyote akiitwa. Hapo Sweca, aliyekuwa amerudi kuchukua vyombo vilivyobaki, jasho linamtiririka na bega limechubuka, akaingilia kati.

"Mzee alisema kila sikukuu. Sikukuu haijaisha, Wayan. Siku ya tatu tunafunga hekalu na vyombo vinateremshwa. Likipanda siku hiyo, limepanda. Lisipopanda, mwite huyo mtu wako."

Wayan akakubali, tena haraka. Alikuwa na uhakika.

Nengah akaliachia gari lishuke lenyewe mpaka gerejini, akafungua plagi nne, akazipanga kwenye gazeti. Zote zimelowa, nyeusi kama masizi ya sufuria. Baba yake alikuwa na usemi wake: injini ikizama, uliza maswali matatu tu. Petroli imezidi? Moto umepungua? Hewa imekosekana? Mengine ni umbea.

Akaanza na petroli. Lakini ili ufike kwenye kabureta lazima kwanza uondoe kasha la chujio la hewa lililokaa juu yake, na kasha hilo lilikuwa limefungwa uzi wa rangi tatu, mwekundu, mweupe na mweusi. Siku kumi na moja nyuma ilikuwa siku ya vyuma, siku ambayo kwetu kila chenye chuma hushukuriwa na kubarikiwa, kisu, jembe, gari. Men Durma, mama yake, alimwomba kuhani aufunge uzi ule pale pale, kwenye kasha, akasisitiza hasa. Uzi wa baraka hauguswi. Unaachwa uchakae, udondoke wenyewe. Nengah hakuwa na wasiwasi nao. Chujio jipya alikuwa amelitia kwa mikono yake siku moja kabla ya sherehe, sasa hewa ingekosekana vipi? Akalegeza mkanda wa shingo ya kasha, akalitoa zima bila kulifungua, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala.

Kwenye kabureta akamkuta mtuhumiwa. Sindano inayozuia petroli ilikuwa imelika, ina mfereji ubavuni. Boya akalitikisa sikioni, halina petroli ndani, zima. Akaweka sindano mpya, akasafisha plagi, akapiga stata kasha likiwa bado mezani. Injini ikaimba. Akaipandisha mpaka juu kabisa, ikaimba. Akacheka peke yake. Akarudisha kasha, akakaza, akaenda kumwambia kaka yake aje kesho na macho mawili.

Kesho yake akapakia magunia manne ya mchanga badala ya upatu, Sweca akakaa mbele kama shahidi, Wayan nyuma na pikipiki yake. Kona ya kwanza, ya pili. Kwenye kona ya mianzi, moshi mweusi. Puu.

Loo, Nengah alitamani ardhi ipasuke. Wayan hata hakusimama. Alipita pembeni yao polepole, akasema, "Kesho saa nane mchana mtu wa vyuma atakuwa barazani," akaenda zake.

Sweca akajikuna shingo. "Nengah, usinichukie. Labda mzee ana kinyongo."

"Kinyongo cha nini? Baba yangu akiwa hai hakuharibu kabureta hata moja, leo marehemu ndiyo aanze? Shuka, uniondolee mchanga."

Walipofika chini alijitengenezea kahawa, akaketi juu ya tairi, akaitazama injini kama anavyotazamwa mtu aliyesema uongo. Alichoka. Aliogopa pia, tusimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao saa ile. Plagi alizifungua tena: zimelowa, nyeusi. Moto aliujaribu: wa buluu, mkali. Pampu ya petroli nzima, sindano mpya. Ila uani injini inaimba, mlimani inakufa. Mlimani kuna mzigo, sawa. Na kingine? Uani hakukuwa na nini?

Kikombe kikasimama njiani kwenda mdomoni. Uani hakukuwa na kasha.

Alikuwa ameijaribu kasha likiwa mezani! Maswali matatu ya baba, naye alijibu mawili, la tatu akaliruka kwa sababu ya uzi. Angekuta fundi mwingine kafanya hivyo angemsema wiki nzima. Yeye asiyeogopa mume wala kaka wala mwenyekiti wa kijiji, aliogopa uzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye ndiye aliyekuwa anamfichia mgonjwa wake maradhi. Akasimama, akanyoosha mkono kwenye fundo.

"Usifungue!"

Mama yake alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, mbio, mwanamke wa miaka sabini na sita anayetembea kwa kuhesabu hatua.

"Mama, lazima."

"Kuhani alisema mpaka udondoke wenyewe!"

"Kuhani alilibariki gari, hakuliambia lisipumue."

Men Durma akamshika kiganja. Mama huyu hakuwahi kumshika mtu kwa nguvu. Ni mtu wa kusema ndiyo, ndiyo, na kurudi jikoni. Nengah akamtazama, akaona macho yake yanakimbia. Hapo akajua mle ndani mama kaficha kitu.

Hakukata uzi. Alilifungua fundo kwa kucha, taratibu, akajifunga uzi huo mkononi mwake mwenyewe, ili baraka isianguke chini. Kisha akafungua kifuniko. Chujio jeupe, safi, jipya kama alivyoliacha. Humo hamna kitu. Halafu akaingiza vidole kwenye pua ya kasha, lile bomba ambalo hewa inaingilia, ndani kabisa, akagusa kitambaa.

Akakivuta. Kikaja, kikaja. Ncha moja ilikuwa bado imekunjwa vizuri, ncha nyingine imefyonzwa na injini, imekunjuka na kuziba njia, nyeusi, inanuka petroli. Kahawia. Uzi wa dhahabu.

Mara mama akaanza kulia. "Siku ya vyuma nilikaa nikawaza, kila kitu kinabarikiwa, hata panga la kukatia nyasi. Na baba yako je? Nikaona nimweke karibu na injini. Si ndiyo aliyoipenda kuliko mimi?"

Sasa Nengah akaona yote. Kilemba kilichokunjwa kikawa kidogo hakikusumbua kitu siku zote zile za safari za tambarare. Gari lilipobanwa mlimani, injini ikavuta hewa kwa nguvu, ikakivuta na kilemba. Hewa ikakatika, petroli ikabaki inamiminika peke yake.

"Mama! Si ungekiweka hata chini ya kiti!"

"Chini ya kiti?" Men Durma akafuta machozi, akamkazia macho. "Chini ya kiti mtu anakalia. Utakalia kichwa cha baba yako, wewe?"

Nengah alitaka kukasirika. Hasira zilikuwepo, tena tele: ameitwa mwizi miaka miwili kwa sababu ya kitambaa hiki. Lakini kicheko kikamtoka kabla ya hasira, kisha machozi, akamkumbatia mama yake na mikono yake michafu.

"Usimwambie Wayan," mama akasema kifuani mwake. "Ataniona mimi ndiye mwizi. Ni kwake ninakokaa."

"Simwambii mtu."

Siku ya tatu mtu wa vyuma alifika kweli, lori lake mlangoni, akakaribishwa kahawa barazani, akawa analipima gari kwa macho. Wapiga ngoma walikuwa wamekusanyika kwenda kuteremsha vyombo. Nusu ya kijiji ilikuja kwa udaku, nami nilikuwemo, sikatai.

"Vyombo viko juu," Wayan akasema. "Gari tupu hata mbuzi angelivuta. Hilo halihesabiki."

"Sawa. Basi panda wewe," Nengah akamwambia. "Upatu wenyewe hauna kitambi kama hicho."

Watu wakaangua kicheko. Wayan angekataaje mbele ya watu? Akapanda nyuma, na Sweca, na wapiga ngoma tisa wengine, wamebanana mpaka chuma kikalia. Mama akakaa mbele, mikono mapajani. Wengine tukafuata na pikipiki.

Kona ya kwanza, ya pili. Kabla ya kona ya mianzi Nengah akarudisha gia, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito, nasi wote tukatazama bomba la moshi. Hakuna kitu! Likapita kona ya mianzi kama limeitwa kula. Likapita ya nne, ya tano. Kwenye kona ya saba tukamwona Nengah anatoa kitu kifuani kwa mkono mmoja, anakivaa kichwani, mama yake anamsaidia kukifunga. Tulikuwa mbali, hatukukitambua.

Akaegesha mbele ya lango la hekalu, injini bado inanguruma. Akashuka. Wayan akaruka kutoka nyuma, akamwona, akasimama.

Kilemba cha kahawia chenye uzi wa dhahabu, ncha moja nyeusi kwa masizi, kimefungwa kiume kabisa, fundo mbele ya paji.

"Nilisema!" Wayan akapiga kelele. "Nilisema mimi, mkanibishia! Mwizi huyu hapa!"

Nengah angeweza kujitetea kwa neno moja. Mama yake alikuwa nyuma yake, anashuka garini polepole.

"Kiko kwangu," Nengah akasema. "Ehe?"

"Hicho ni cha mwanamume wa nyumba!"

"Ndiyo maana nimekivaa."

Sweca alipaliwa na mate yake mwenyewe. Wayan akawa mwekundu, akanyoosha mkono kukivua. Kichwani, jamani! Kwetu kichwa cha mtu mzima hakishikwi hata kwa mzaha, sembuse mbele ya lango la hekalu. Lakini mkono haukufika. Ulikutana na mwiko. Sijui kwa nini Men Durma alikuja na mwiko, ila alikuja nao.

"Shusha mkono," akasema. "Mimi ndiye niliyekichukua. Nilikitoa kabatini usiku ule baba yako alipochomwa, nikalala nacho miaka miwili, kisha nikakiweka kwenye injini. Mimi ndiye niliyeliziba pumzi gari la mwanangu, na yeye akakubali kuitwa mwizi mbele yenu ili mimi nisiaibike."

"Mama..." Wayan akaanza.

"Sijamaliza. Sauti yangu nimeiweka jikoni miaka hamsini na zaidi, leo utaisikiliza. Gari limepanda?"

Wayan akatazama chini. "Limepanda."

"Na wewe mgongoni?"

"Na mimi mgongoni."

"Basi ni lake, na kilemba ni chake. Kilemba cha baba yako kinahitaji kichwa chenye akili ndani." Akatugeukia sisi wengine, bibi mdogo namna ile, mwiko ungali mkononi. "Na nyie. Miaka yote hii mnaniita Men Durma. Nimezaa watoto wawili. Kuanzia leo niiteni Men Nengah."

Hakuna mtu kwetu aliyewahi kubadilisha jina hilo. Halibadilishwi, ni la mtoto wa kwanza, basi. Tukatazamana. Kuhani alikuwa amesimama langoni na chetezo chake, anatuangalia tutafanyaje.

Sweca akatoka kwenye kundi, akaenda mpaka kwenye upatu mkubwa, akainama, akaushika upande mmoja.

"Haya, Men Nengah," akasema. "Sogea kidogo, mama yetu, tupakie."

Upande wa pili hakukuwa na mtu. Tukangoja. Mwishowe Wayan akaenda akaushika.